Usikubali Kusimama Mahali Pangu

S.L.P. 218,
Zeerust,
Afrika Kusini.

14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Segametsi,

Pokea salamu zangu na za Oarabile. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti ulilolilalamikia wakati wa Krismasi limetulia. Je, hospitalini wamekupunguzia zamu za usiku? Na mvua ya huko Cork, bado inanyesha kila siku kama ulivyotusimulia? Huku kwetu ni baridi kavu. Asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na ngozi ya barafu juu, na mbuzi wa jirani wanalala wameegemea ukuta wa jiko letu kutafuta joto.

Mimi ni mzima wa mwili. Bado niko manispaa, kwenye dirisha la maji, nasikiliza watu wakinigombeza kwa mabomba ambayo sikuyapasua mimi. Oarabile anaendelea kufundisha. Koti ulilotutumia tunalivaa kwa zamu. Mimi mikono yake inanifika vidoleni, lakini yeye linamkaa kama alipimwa.

Utashangaa kwa nini ninakuandikia badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningelia, na nikilia huwa nakubali kila ninachoambiwa. Unanijua. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Barua hii ataibeba binti wa mwenzangu kazini anayekuja huko Ayalandi kusoma Dublin, naye ataitia posta akishafika.

Shangazi, Kaka Mothusi atakupigia, kama bado hajakupigia. Atakuomba uje mwezi wa tisa usimame kama shangazi wa nyumba kwenye posa ya binti yake Kelebogile. Atakuambia mimi ni mgonjwa, au nina wazimu, au nimeolewa na kiburi. Atakutajia jina la marehemu baba. Najua unavyotamani kuja nyumbani, na najua unavyompenda Mothusi tangu akiwa mdogo. Hata hivyo nakuomba ukatae.

Sasa nikueleze kwa utaratibu, ili usije ukasema Gaopalelwe alikuficha upande mmoja.

Unajua kwamba miaka mitatu iliyopita watu wa Oarabile walitoka Taung kuja kuniposa. Nilikuambia wakati ule kwamba Mothusi aliwakataa, lakini sikukuambia aliwakataaje, kwa sababu niliona aibu. Walifika alfajiri kama inavyopaswa, wanaume wanne wenye makoti na wanawake wenye shali, wakasimama nje ya geti. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nimefunikwa blanketi, kwa sababu anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Wageni kungojeshwa kidogo ni kawaida yetu, na wao walilijua hilo. Walikohoa, wakataniana, wakangoja.

Mothusi alikuwa anakunywa chai. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Alikunywa, akaongeza nyingine. Jua likatoka, likapanda. Wanaokwenda madukani wakapita wakiwatazama. Mzee Seripe, baba mkubwa wa Oarabile, alikuwa amesimama kwa fimbo muda wote huo, na hakuna aliyempelekea hata kigoda. Halafu kaka yangu akatoka na ndara zake miguuni, akawaambia, "Wazee, hapa hakuna anayeoa. Kwa hawa wanaotaka kuoana naona wanawake tu. Kama mmepotea njia, barabara ya lami iko kule."

Kuna watu walicheka. Niliwatambua kwa sauti zao, na mpaka leo wakija dirishani kwangu nawahudumia, lakini nimewakumbuka mmoja mmoja.

Tulifunga ndoa ya serikali mwezi uliofuata. Wewe ulituona kwenye simu, picha ikikatikakatika. Tangu siku hiyo nchi hii inanijua kuwa ni mke wa mtu. Nikilazwa, daktari anajua amwite nani. Nikifa, hakimu anajua nyumba ni ya nani. Naishukuru nchi yangu kwa hilo, na sitalidharau kamwe. Lakini serikali haiji kwenye misiba yetu kutupangia pa kukaa.

Kwenye msiba wa bibi nilivaa gauni langu la leteisi, ile bluu ya wanawake walioolewa, nikajifunga shali kwa pini kubwa, nikaenda kuketi kwenye mkeka na wenzangu. Wifi Boitshepo akanijia akitabasamu, akafungua pini kwa vidole vyake, akasema, "Hii ni ya wenye nyumba zao, mwanangu. Wewe nenda kule kwa wasichana, kabichi ni nyingi." Nikaenda kukata kabichi na watoto wa sekondari. Oarabile akatangazwa kuwa ni rafiki wa familia, akaoneshwa kiti cha plastiki karibu na matenki ya maji. Na hivyo ndivyo inavyokuwa kila harusi na kila msiba.

Haya. Mwezi wa nne akina Tlhapane walituma mtu kuulizia habari za Kelebogile. Unawajua akina Tlhapane: watu wa kanisa, watu wa ng'ombe, hawapeleki posa mahali ambapo mambo hayajakaa sawa. Mjumbe wao akauliza jambo ambalo huulizwa kila mahali. Shangazi wa mtoto ni nani, na je, yuko kwenye ndoa yake? Kwa sababu wewe wajua, binti wa nyumba asiyeolewa hawezi kutoka getini kuwapokea waposaji, na mke aliyekuja kuolewa katika nyumba hawezi kusimama mahali pa binti wa nyumba.

Na Mothusi, Shangazi, Mothusi huyo huyo wa ndara, akajibu, "Yupo. Ameolewa vizuri sana, Taung."

Nilikuja kuyasikia hayo kwa Wifi Boitshepo mwenyewe. Alinijia kazini mchana mmoja, akapita foleni yote kama vile amekuja kuzima moto.

"We mtu wa maji," akasema, "hebu funga hicho kidirisha, nina habari tamu."

Akanieleza kuhusu posa, akanieleza alivyojibu mumewe, bila kupepesa jicho. Kisha akasema, "Kwa hiyo uje na leteisi yako, na shali, na ile pini kubwa."

Nikamuuliza, "Shali ipi, wifi? Ile uliyonivua?"

"We naye, hujasahau tu? Yale yalikuwa ya msiba. Hii ni furaha." Akainamia karibu na kioo. "Sasa sikiliza. Wakikuuliza shemeji yuko wapi, sema yuko migodini, Rustenburg. Ukisema migodini hakuna anayeuliza zaidi. Na yule mwenzako abaki nyumbani siku hiyo, asije akawachanganya wageni wa watu."

Nilimjibu, "Sawa, wifi. Nitakuja." Akafurahi, akaninunulia na maandazi.

Shangazi, mimi ni mwoga. Nimeogopa maisha yangu yote. Naogopa bosi wangu, naogopa mbwa, naogopa simu inayolia asubuhi sana. Kwa wiki mbili sikula vizuri. Oarabile aliniambia, "Nenda tu ukamfungulie mtoto geti. Mimi na Mothusi tutayamaliza mbinguni." Yeye ana moyo huo. Mimi sina. Nikamwambia siwezi kungoja mpaka mbinguni, tena sina hakika kama Mothusi atakuwepo.

Jumamosi iliyopita nikaenda.

Ua ulikuwa umefagiwa, sufuria zimepangwa, nyama inachemka ipate kupondwa. Wanaume walikuwa zizini kwa ng'ombe na moto wao, wanawake ndani. Bibi Mmantshadi, yule mkubwa wa wake wa ukoo, alikuwa ameketi karibu na mlango na blanketi lake. Nilifika na leteisi mwilini lakini shali nimeiweka mkononi, imekunjwa. Kulipokuwa kunapambazuka tukasikia wageni wakikohoa nje ya geti.

Mothusi akaja mlangoni, suti mpya, anang'aa. "Gao, toka basi. Watu wako getini."

Nikasimama. Nikamuuliza, "Kaka, nitoke nikiwa nani?"

"Ukiwa shangazi wa mtoto. Ni swali gani hilo?"

"Shangazi aliyeolewa, au ambaye hajaolewa?"

Akasema, "Gao, usianze."

"Sianzi kitu. Nauliza ili nijue nivaeje."

Wifi akacheka kile kicheko chake cha kufukuza mambo, lakini hakuna aliyemsaidia kucheka. Bibi Mmantshadi ndiye aliyesema, "Mothusi, mtoto kauliza. Mjibu upesi, wageni wanaganda huko nje."

"Ameolewa!" akasema. "Si nilishasema? Ameolewa."

"Na nani?" nikauliza.

"Na... na watu wa Taung."

"Watu wa Taung wapi, Kaka? Wale uliowaonesha barabara ya lami?"

Akatazama chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna maneno hawezi kuyatamka mbele ya wazee.

Nikasema, "Basi mimi ni msichana. Na msichana hazungumzi na waposaji." Nikaiweka shali magotini kwa Bibi Mmantshadi, nikaenda jikoni kwa wale wasichana, nikachukua kisu, nikaanza kumenya maboga.

Wasichana walinikodolea macho. Mmoja akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, akaninong'oneza, "Shangazi, leo umekuja kwetu kwa hiari?" Nilijikata kidole gumba. Lakini nilimenya. Kila boga nililolimenya lilinipa raha.

Wifi akaja mara ya kwanza akiwa mkali. "Unamwaibisha mtoto kwa ajili ya mambo yako ya ajabu!" Mara ya pili akaja amepiga magoti. "Wifi yangu, nakuomba." Nikamwambia, "Inuka, sakafu ina maji." Nje wageni wakaanza kukanyagakanyaga ardhi kwa baridi, na jua likatoka.

Mwisho akaja Mothusi mwenyewe, jikoni, mahali ambapo sijawahi kumwona tangu nizaliwe. Wasichana wakasimama wote. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema, "Gao, nimekulea. Siku baba alipozikwa nilikubeba mgongoni mpaka makaburini na kurudi."

Ni kweli, Shangazi. Nakumbuka shati lake lilivyonuka sabuni ya miche. Nilitaka kuacha kisu. Nikasema, "Ndiyo, Kaka, ulinilea vizuri. Ndiyo maana najua ni mwanamke gani anaruhusiwa kwenda getini na yupi haruhusiwi. Sema neno moja tu. Sema Gaopalelwe ameolewa na Oarabile Seripe, na watu wake niliwakosea. Huhitaji kulisema kwa wageni. Liseme humu humu, kwa wasichana hawa na maboga."

Midomo yake ilifunguka kweli, niliiona. Halafu akasema, "Siwezi," akatoka.

Akaenda getini mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, akawaambia wageni kwamba shangazi ameugua ghafla, posa iahirishwe. Mzee Tlhapane, kwa adabu yake, akauliza kama shemeji yupo ili wampe pole. Na kaka yangu, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, akasema, "Yuko migodini." Bibi Mmantshadi alijiziba mdomo kwa blanketi, lakini mabega yake yalikuwa yanaruka.

Wale watu wakageuza magari. Wamesema watarudi mwezi wa tisa, mara moja tu, na kwamba mara ya tatu hawana.

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni mtu wangu. Nilifurahi. Niliposikia magari yakiondoka nilifurahi mpaka nikajiogopa. Nilimfikiria Mzee Seripe, aliyefariki mwaka jana bila kupokewa na mtu yeyote katika ua ule, nikasema moyoni, Mzee, sasa nao wamesimama.

Kelebogile alinipigia jioni. Yeye ndiye pekee wa nyumbani aliyekuja kwenye ndoa yetu, alidanganya kuwa ana mtihani. Akaniuliza, "Shangazi, mimi nilikukosea nini?" Nikamwambia hakunikosea kitu, na kwamba mlango wa harusi yake una mtu mmoja tu mwenye ufunguo, naye ni baba yake. Akakata simu. Hilo linaniuma, silifichi. Lakini nikilegea kwa sababu yake, kesho nitalegea kwa sababu ya mwingine, na nitazeeka nakata kabichi.

Usidhani natembea kifua mbele. Tangu Jumamosi jiwe limetua juu ya bati letu mara mbili. Oarabile ananipeleka kazini na kunifuata, na gari lolote likipunguza mwendo nyuma yetu, moyo wangu unasimama. Unajua wanawake kama sisi wanavyookotwa vichakani katika nchi hii hii yenye sheria nzuri. Nikisikia geti letu likigongwa namtuma Oarabile aulize kwanza, halafu naona aibu kwamba nimemtuma yeye. Lakini nimegundua kwamba kuogopa hakunizuii kukasirika. Vyote viwili vinakaa humu humu, wala havigombani.

Sharti langu ni moja, na nimempelekea Mothusi kwa mdomo wa Bibi Mmantshadi ili asiseme hakulisikia. Aende Taung. Asimame nje ya geti la akina Seripe alfajiri, kofia mkononi, awaombe waje tena. Nimewaomba wasimwonee huruma wala wasimtukane. Wanywe chai yao mpaka waimalize. Kisha waje, wapokewe na ng'ombe wao, nami nivishwe shali mbele ya watu. Siku hiyo hiyo nitakwenda getini kwa ajili ya Kelebogile, na nitawapokea akina Tlhapane kwa maneno matamu ambayo ua ule haujawahi kuyasikia.

Sitaki aje kuniomba radhi sebuleni kwangu. Amekwisha jaribu, jana, alikuja na paketi ya sukari. Nilimrudishia. Alinivunjia heshima nje, na nje ndipo atakapoirudisha.

Sasa unaona kwa nini wewe ndiye mlango wake wa nyuma. Katika mabinti wa nyumba hii walioolewa tumebaki mimi na wewe. Ukipanda ndege, atamwoza binti yake, atacheza harusini, na mimi nitakuwa nimeumiza mtoto wa watu bure. Akikupigia, muulize tu, "Gao ameolewa, au hajaolewa?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kutafuta maneno. Gharama za simu ni zake.

Na kama unatamani kuja, njoo. Njoo hata kesho. Kitanda chako kiko kwetu, na Oarabile amejifunza kupika ugali wa mtama ulioachwa uchachuke kama wa mama yako. Nakuomba tu, usiende getini kwa Mothusi.

Nisalimie Mjomba Kealeboga, mwambie maharage yake aliyotutumia yameota. Wasalimie mapacha, na yule mama jirani yako anayekupikia supu. Huku wanakusalimu Oarabile, Bibi Mmantshadi anayesema uongeze mafuta ya goti, na mama mkwe wangu wa Taung, ambaye hamjaonana lakini anakuombea kwa jina kila Jumapili. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe usingizi, na akutunzie moyo huo uliotupenda sisi wawili kabla ya wengine wote.

Ukinijibu, tafadhali usitumie simu. Andika barua, na juu ya bahasha uandike jina langu kama lilivyo hapa chini, kwa herufi kubwa. Barua zetu siku hizi zinashushwa dukani, na kila Ijumaa mwenye duka husimama barazani akayaita majina mbele ya watu wote. Mothusi huwa yupo pale, anacheza bao.

Wako akupendaye,

Gaopalelwe Seripe,
mke wa Oarabile